Mwendo Usiowasha Taa

Mimi kazi yangu ni alamu za majumbani, na nikuambie mapema, kujishusha sikujui. Miaka kumi na sita natoboa kuta za watu. Wananiita Kengele, na jina hilo nililipata kwa mdomo kabla sijalipata kwa kazi. Sensa, kile kidude kinachohisi mtu akipita, nikiifunga mimi, panya akipiga chafya nyumba nzima inaamka. Ndivyo nilivyomwambia yule bwana aliyenipigia simu, na laiti siku ile ningelifunga domo langu.

Alitaka sensa tatu za mwendo, zile zisizo na waya, vidude vyeupe vinavyokaa juu ukutani vikivizia kitu chenye joto kipite. Wezi hawakumhusu. Alitaka mama yake aonekane. Mama aliishi peke yake, na miezi miwili nyuma alianguka koridoni alfajiri akienda msalani, akalala sakafuni mpaka jirani alipoleta maziwa saa nne. Mwanawe ndiye huyo huyo mmoja, na kazi yake iko mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi.

Mpango wao ulikuwa hivi. Sensa zikimwona mama ameamka, kisanduku cha alamu kinatulia. Ikifika saa mbili asubuhi hazijamwona, kisanduku kinampigia mwana, mwana anampigia jirani, jirani anakimbia. Hilo likishindikana, mama anafungasha, anakwenda kukaa kwa mwanawe, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Basi la kurudi lilikuwa kesho yake saa kumi na mbili asubuhi. Yote hayo niliambiwa mlangoni, hata begi la vifaa sijalitua.

Mama mwenyewe alinipokea kwa utani. Akanipa kiti, akaniambia nifunge hivyo vidude vyangu vizuri, maana huko ghorofani yeye atakuwa gunia la mkaa: atapandishwa mara moja, na kushushwa siku ya kuzikwa. Tukacheka, mwanawe hakucheka. Kamera, mama alikuwa ameshazikataa. Alisema hajapata kusikia mama anayeoga mbele ya mwanawe. Kitufe cha kuitia msaada, cha kuvaa shingoni, alinunuliwa, akakitundika jikoni kwenye msumari wa taulo kwa sababu kilimchubua. Milango ya ndani aliiacha wazi yote tangu alipoanguka, ili akiita asikike, kwa hiyo hata sensa za mlangoni, zinazohisi mlango ukifunguliwa, zisingefaa kitu. Zilibaki hizi za mwendo tu.

Nikazifunga, na nilizifunga vizuri, nani abishe. Ya sebuleni niliielekeza mgongo dirishani ili jua lisiichanganye. Ya jikoni niliiweka mbali na jiko. Koridoni palikuwa pembamba, ukuta wa mwisho ndio pekee ulionipa nafasi, nikaibandika hapo, karibu na mlango wa chumbani kwa mama, ikitazama korido yote mpaka sebuleni.

Kupima kwetu mafundi ni kutembea. Unauweka mtambo kwenye majaribio, unapita, kataa kadogo kekundu kwenye sensa kanawaka, umemaliza. Nikapita sebuleni, ikawaka. Jikoni, ikawaka. Koridoni nilipita kwa madaha kabisa, mikono nyuma, ikawaka hatua ya pili. Mwana akampigia mkewe palepale, akamwambia chumba cha kumweka mama asikihangaikie, mama anabaki. Mama akashusha pumzi ndefu, akaufunika uso kwa viganja kidogo. Kisha akauliza kama na yeye apite.

Nikamwambia apite tu, mama, nyumba ni yake.

Aliinuka kwa vituo. Mkono mmoja ukutani, ndala haziinuki sakafuni, zinaburuzwa, moja ikingoja mwenzake. Jua lilikuwa la saa tisa, mimi shati limenigandia mgongoni, yeye amevaa sweta na juu yake shali zito, maana baridi yake haikujua majira. Korido niliyoipita kwa hatua nane, yeye nilihesabu hatua thelathini na moja. Alifika mwisho, akasimama chini ya sensa yenyewe, akainua uso.

Taa haikuwaka.

“Wanasema mwenda pole hajikwai,” akaniambia. “Mimi nilijikwaa, na sasa hata sionekani.”

Nikasema ni betri. Nikabadilisha betri. Mama akapita tena, taa ikagoma. Nikaishusha sensa kidogo, nikaisogeza pembeni kadiri ukuta ulivyoniruhusu, nikaiongezea ukali mpaka mwisho. Hapo ikaanza kuwakia pazia la dirisha la msalani. Upepo ukipuliza, inawaka. Mama akipita, imelala. Sensa ya namna hiyo ni balaa tupu, kwa sababu mama anaweza kuwa ameanguka na pazia likamjibia kwamba ameamka salama. Nikairudisha nyuma. Sasa haimwoni kabisa, kama ya sebuleni isivyomwona alipoinuka, na hilo nalo ni balaa, maana kisanduku kitampigia mwanawe kila asubuhi bure. Siku ya kwanza atashtuka. Siku ya tano atamwomba jirani radhi. Siku ya ishirini ataizima simu, na ya ishirini na moja ndiyo mama atakuwa kaanguka kweli.

Kosa lilikuwa langu, nalisema wazi. Kidude kile kinataka joto linalokatiza mbele yake, tena kwa haraka. Anayekijia moja kwa moja, polepole, kajifunika gubigubi, saa ambayo kuta nazo zimepata moto, kwake ni ukuta tu. Na mimi yote hayo nilikuwa nayajua! Nilipima korido kwa futi, nikapima kimo, nikapima mawasiliano mpaka kwenye kisanduku. Mtembeaji sikumpima. Nilijipima mimi, mwanamume wa miaka arobaini na miwili mwenye magoti mazima.

Nikiwa bado nimeshika bisibisi, mama akavua shali, akampa mwanawe. Hakuna aliyemwambia. Akavua na sweta. Akabaki na gauni jembamba, mikono yake imekonda nisivyodhania, akashika tena ukuta, akaenda. Haikuwaka. Akarudi mwanzo wa korido, akauachia ukuta. Mwanawe akamwita. Mama akaja mbio, kama zile zilikuwa mbio, mikono akiitupa huku na huku kama mtu anayefukuza nyuki, na katikati ya korido kataa kakawaka.

Mwana alipiga kelele ya furaha. Mimi nilimwahi mama asianguke. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka, midomo imekauka, vidole vimenikaza mkononi. Mwana akakimbilia maji jikoni, na huko jikoni nako sensa ikamwakia.

“Mwanangu,” mama akaninong’oneza, “wewe umeona. Naonekana. Mwambie inatosha.”

Sijui kama umewahi kuombwa kitu na mama wa mtu ukiwa umemshika hivyo. Nikimwambia ndiyo, nimemwacha peke yake na kidude kipofu. Nikimwambia hapana, nimemtoa nyumbani kwake mimi, kwa mkono wangu, mgeni niliyeingia saa sita na begi.

Mwana alirudi na maji. Akamnywesha, akamkalisha sebuleni, akanigeukia.

“Fundi, inamwona au haimwoni?”

“Akikimbia inamwona,” nikasema. “Akitembea anavyotembea, haimwoni.”

Mama aliweka bilauri chini. Nikaanza kubwabwaja: kuna mikeka ya kuweka sakafuni kando ya kitanda, ukikanyaga inapiga simu, naweza kuiagiza, wiki mbili hivi itafika. Mwana akanisikiliza mpaka mwisho. Likizo yake imekwisha, akasema, na kazini ameshapewa barua moja ya onyo kwa ajili ya siku alizokaa hapa. Wiki mbili nani atamwangalia mama asubuhi? Hakuniuliza kwa ubaya. Aliniuliza kwa sababu alitaka jibu. Akakaa pembeni ya mama, akakiegemeza kichwa kwenye mikono yake miwili, na mama akawa anampigapiga mgongoni, polepole, kama mwanawe ndiye anayesafirishwa.

“Haya,” mama akasema. “Sanduku liko juu ya kabati.”

Akavaa sweta lake, akajitanda shali, akainuka kwenda chumbani kufungasha. Mtambo ulikuwa bado kwenye majaribio. Nilisimama na bisibisi yangu kama mpumbavu, nikaikodolea macho sensa ya sebuleni, kisha ya koridoni, nikiwa naitukana moyoni, nikiibembeleza, waka, mwanaharamu wewe, waka hata mara moja, mwone. Alikatiza sebule. Akaushika ukuta wa korido. Hatua thelathini na moja, nilizihesabu tena, na hakuna taa iliyowaka.

Mwanawe akainuka kumfuata, amshushie sanduku, na kabla hajamaliza hatua ya pili, sensa ya sebuleni ikawaka, kisha ya koridoni.