Ukuta Ulioshiba

Mashine ya kupiga picha za kifua ilikuwa imeharibika tena, kwa hiyo daktari alitumia vidole. Aliviweka viwili kwenye mbavu za Mzee Lipu, akavigonga kwa kidole cha mkono mwingine. Akashuka kidogo, akagonga tena.

Mzee akatabasamu. Kazi hiyo aliijua. Tangu ujana alikuwa fundi wa kupiga lipu, na mtaani jina lake halisi walishalisahau. Lipu ikikauka unaigonga. Ikilia tupu haikushika, ibomoe uanze upya. Ikijibu kwa sauti nzito, ukuta umeshiba, nenda kanawe mikono.

Upande wa kulia kifua kilijibu kwa sauti nzito kabisa.

"Umeshiba huo, daktari. Hapo hata msumari hauingii."

Binti yake, aliyesimama na shati la baba mkononi, alicheka. Daktari hakucheka.

"Mzee wangu, kifua hakitakiwi kushiba. Hapa ni mahali pa hewa, panatakiwa palie tupu. Pamejaa maji. Ile saratani imehamia kwenye pafu. Tukiyatoa maji, yatarudi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwili uchoke, mzee."

Walirudi nyumbani polepole, wakipumzika kila penye kivuli. Ajabu, mzee ndiye aliyekuwa akiongea.

"Mji huu nimeupaka matope mpaka basi. Watu wanalala kwenye kuta zangu, wanagombana, wanazaa. Na sijaanguka jukwaani hata mara moja. Wenzangu wangapi walianguka?"

"Baba, nyamaza, unaishiwa pumzi."

"Huko niendako nitanyamaza sana. Niache nishukuru kwanza. Mama yako, Mungu amrehemu, alinikubali nina saruji hadi kwenye kope. Nikakupata wewe. Nani kanidhulumu mimi?"

"Mwenye nyumba."

Wakacheka hadi mzee akashika ukuta wa watu akikohoa.

Chumba chao kilikuwa kimoja: vitanda viwili, pazia katikati, na cherehani mlangoni ambako binti alishonea sare za shule. Mzee akajilaza. Cherehani ikaanza kukimbia.

Alasiri ukuta ukagongwa. *Ko.* Kimya. *Ko, ko.*

Sauti ilitoka chumba cha jirani, ambacho kilikuwa kimefungwa tangu mpangaji wake alipohama. Ilianzia juu karibu na dari, ikashuka usawa wa bega, ikashuka usawa wa kiuno.

"Unasikia?"

Cherehani ikasimama. "Panya hao, baba."

"Panya hasubiri jibu. Huyu anagonga, anatulia, anasikiliza."

Mzee alijiona yuko tena mbele ya daktari, bila shati. Akanyoosha mkono, akagonga ukuta mara moja. Upande wa pili pakawa kimya, kimya kirefu. Kisha kikaja kishindo kimoja, palepale, chini ya kidole chake.

Binti alitoka mbio. Aliporudi alifuatwa na mwenye nyumba, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe ni wewe! Nilidhani mtoa roho."

"Ah, mzee, utani gani huo! Niko na fundi, tunapima tu. Kuna mfanyabiashara anataka ghala. Tutafungua mlango mpana hapo katikati, vyumba viwe kimoja. Lakini si leo. Sisi si wanyama, tutasubiri."

"Mnasubiri nini?"

Mwenye nyumba aliangalia viatu vyake.

"Mimi nimeambiwa leo asubuhi," mzee alisema. "Wewe umejuaje?"

"Watu wanaona, mzee."

"Na mimi je?" binti aliuliza.

"Dada, chumba nilimpangisha mzee, kwa bei ile ya enzi zake. Wewe sijawahi kukupangisha."

"Nimezaliwa humu."

"Ndiyo. Pole sana."

Mzee alikaa kitandani. Hakuinua sauti, pumzi haikutosha. "Mwanangu, nisukumie kitanda hiki."

"Wapi, baba?"

"Pale fundi anapopima."

Kitanda kikaburuzwa mpaka kikagota ukutani. Mzee akaegemea, mgongo wote kwenye lipu.

"Nashukuru kwa kusubiri," alimwambia mwenye nyumba. "Basi subiri vizuri. Mimi sina haraka."

Mwenye nyumba aliondoka bila kuaga. Baadaye kidogo mzee akasikia, kwa mgongo zaidi kuliko kwa masikio, penseli ya fundi ikikwaruza upande wa pili. Ilipanda kando ya bega la kushoto, ikapita juu ya kichwa chake, ikateremka kando ya lile la kulia mpaka sakafuni.

"Baba," binti alinong'ona, "njoo ulale kwangu huku."

"Niko kazini," alisema. "Wewe shona."