Migomba Iliyomfuata Mchumi

Domisiana, jirani wa Deodata pale Bisibo, anasema aliona kwa macho yake akitoka kisimani. Yule kijana mchumi alikuwa anashuka kutoka mahame, kijiji cha zamani mlimani, viatu mkononi, na nyuma yake shamba zima la migomba linashuka naye taratibu, mizizi ikiburuza udongo mwekundu. Domisiana alisimama pembeni na ndoo yake, likapita.

"Ni migomba yako," alimwambia Deodata. "Ule mmoja ulioinama nimeujua."

Deodata aliendelea kumenya mihogo. "Ilikuwa inamfuata kwa karibu?"

"Kama mke mpya."

Shamba lile lilipandwa na mama yake, na chini ya ule mgomba ulioinama Deodata alizika kitovu cha binti yake. Watu walipohamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, migomba ilibaki mlimani, na kurudi huko kukakatazwa. Aliyepewa ruhusa ni Novatus, yule mchumi. Alikuwa ametoka chuo kikuu juzi juzi, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza katika ofisi ya mipango: kutafuta kwa nini ndizi zimepungua tangu watu wahamie vijijini. Mwenzake aliyeajiriwa pamoja naye alikuwa ameshapelekwa Ulaya kusoma zaidi, na jambo hilo lilimkaa Novatus kooni.

Kosa lilikuwa la Deodata. Novatus alipokuwa anaanza kupanda mlimani, aliona majani makavu yatamchafua mgeni shati, akamwazima kisu chake cha kupogolea. Kwao mgeni hapewi kisu hicho, kwa kuwa migomba humjua mwenyewe kwa mkono unaoivua majani makavu. Lakini Novatus alikuwa mtu wa serikali, na mtu wa serikali hanyimwi kitu. Kisu hakukirudisha.

Basi migomba ikajipanga nyuma ya nyumba aliyofikia, mpaka barabarani. Deodata alipeleka samadi, akapalilia. Akifika, majani yananyamaza. Novatus akikohoa tu ndani, yote yanageukia dirishani. Mkungu uliokomaa uliinama mpaka mlangoni pake, naye wala hakula ndizi, alizoea wali. Hilo ndilo lililomuuma Deodata kuliko yote.

"Mume akihama mtu analia," Domisiana alimtania. "Wewe unalilia mgomba?"

"Mume ningepata mwingine."

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba arudi mlimani akapande upya. Mwenyekiti alisema kijiji sasa kina migomba, akafanye nini huko. Akaenda kwa Novatus mwenyewe.

"Nitaandika kwamba ndizi zimeongezeka kando ya barabara," Novatus alisema.

"Migomba haikupandwa hapa, ndugu."

"Utafiti unaandika kilichopo, dada."

"Na mlimani kuna nini?"

"Mlimani hakuna kitu. Nimetoka huko."

Ofisi ilifurahia taarifa hiyo. Mwezi wa Novemba, vita vya mpakani vikiwa vimeshaanza, gari lilikuja kumchukua. Alikuwa amepandishwa cheo, na Ulaya naye angekwenda. Migomba iling'oka, ikalifuata gari. Nje kidogo ya kijiji dereva alisimama kupisha malori ya wanajeshi yaliyokuwa yanakimbilia kaskazini. Migomba nayo ikasogea kwenye nyasi, kama watu wengine waliokuwa njiani. Wanajeshi wakaipungia mikono.

Deodata, aliyekuwa anakuja kwa miguu nyuma ya migomba, akafika dirishani anahema. Mgomba ulioinama ulikuwa umesimama jirani naye kabisa. Ulikuwa unamwangalia Novatus.

"Ndugu Novatus, sikuzuii kwenda," alisema. "Kisu changu kimo kwenye mkoba wako. Nikabidhi hapa hapa, migomba ione."

Lori la mwisho likapita. Novatus akapandisha kioo kwa ajili ya vumbi, na dereva akatia gia.