Msichana wa Kaure wa Clotilda

Kwa miaka sita Ildefonsa alimpikia nesi Inger, Mdenishi wa zahanati ya misheni kule Runazi, na kila Krismasi alipewa kisanamu kimoja cha kaure: ndege, mbwa, mtoto aliyelala. Nesi alimfundisha kuvitambua. Ukikipindua cha kweli, unaona alama ya kiwanda, mistari mitatu ya buluu kama mawimbi, na pembeni herufi za aliyekipaka rangi. Katika kijiji kizima hapakuwa na mwingine aliyejua hayo.

Vita vya Kagera vilipoanza, nesi aliambiwa arudi kwao. Siku ya kufunga mizigo alimwita Clotilda, mfuaji nguo, akamkabidhi kisanamu kikubwa kuliko vyote: msichana aliyekumbatia bata bukini. Ndicho Ildefonsa alichokuwa akikifuta vumbi kwa kanga yake mwenyewe, akiamini kuwa siku moja kitakuwa chake.

Clotilda alitoka amekikamata shingoni kama chupa ya mafuta ya taa.

"Dada Ildefonsa, hebu nitazamie. Ni cha kweli hiki?"

Ildefonsa akakipindua. Mistari mitatu ilikuwepo, haijafutika hata kidogo.

"Cha kuiga," akasema. "Hakina alama."

Clotilda akacheka. "Basi chukua wewe, kakipange na wenzake. Kwangu watoto watakivunja."

Akakichukua. Lakini kila alipokitazama aliona mkono wa nesi ukimpa Clotilda, na roho ikamuuma upya.

Baada ya miezi mitano Clotilda alileta barua kutoka Denmark. Hakujua kusoma, Ildefonsa alikuwa na cheti cha kisomo cha watu wazima. Akasoma salamu, akasoma habari za baridi, kisha akafika mstari uliofuata, akaurudia kwa macho.

"Mbona umekwama, dada?"

Angeweza kuuruka mstari ule. Akausoma: "Yule msichana alikuwa wa marehemu mama yangu. Nilikupa wewe kwa sababu nilipougua malaria uliniuguza siku tisa."

Siku hizo tisa Ildefonsa alikuwa Nyakisasa, harusini kwa binamu yake.

"Kumbe ni cha kweli," Clotilda alisema taratibu. "Na alama?"

"Ipo. Niliiona siku ile ile."

Akaenda ndani, akakileta. Clotilda alikipokea kwa mikono miwili, akaondoka bila kuaga.

Jumapili baada ya ibada majirani walijaa kwa Clotilda kukitazama. Ildefonsa alibaki uani kwake akichambua maharage, akiwasikia wakimsifu mwenzake, na wivu wake haukuwa umepungua hata chembe.