Ukuta Usiotakiwa Msumari

Nettie Wasylyk alikichukia kile chumba kabla hata hajavua koti. Kilikuwa kidogo, kuta za kijivu, kitanda kimejazwa mito ambayo, alivyoelezwa na Kendra, mke wa mwanawe, haikuwa ya kulalia. Ilikuwa ya kutazamwa. Usiku uitoe, asubuhi uirudishe, midogo mbele, mikubwa nyuma. Bibi wa miaka sabini na minane, aliyekamua ng'ombe kwenye baridi ya Saskatchewan, Kanada, leo afundishwe kupanga mito! Na ukutani kibao: KARIBU MGENI WETU.

"Mgeni ni nani hapa?" aliuliza.

"Ni pambo tu, mama," Kendra alimjibu, huku akinyoosha shuka ambalo halikuwa na kunyanzi lolote.

Nettie aliiuza nyumba yake ya Yorkton kwa sababu ya maneno ya Darrel, mwanawe wa pekee: uza, mama, njoo kwangu Regina, chumba kipo, ni chako. Sasa hakuwa na pengine pa kwenda. Kama chumba hiki si chake, basi hana kwake duniani.

Kwa hiyo vita vikaanza. Nettie aliisukumia mito chini ya kitanda; akitoka kuoga anaikuta imepangwa upya, imemtolea macho. Alisogeza kitanda karibu na dirisha. Kendra akakirudisha, eti kinaziba tundu la sakafuni linalotoa hewa ya joto. Alitandika blanketi lake la sufu. Likakunjwa likawekwa kabatini.

"Linanuka zizi," alisema Kendra.

"Zizi ndilo lililomsomesha mume wako!"

Lakini kilichomkaa rohoni zaidi ni picha ya Mama wa Mungu. Nyumba zote alizowahi kuishi, picha ile ilikaa ukuta wa mashariki, imevishwa kitambaa alichokitarizi mama yake kwa nyuzi nyekundu na nyeusi. Kwa watu wake, picha isipotundikwa hapo bado hujahamia, umepita tu. Na ukuta wa mashariki wa Kendra ulikuwa na kioo kikubwa.

"Nitaweka magharibi," Kendra alisema. "Na hakuna misumari kwenye nyumba hii, tafadhali."

Akaibandika kwa kulabu za plastiki zenye gundi. Fremu ya mwaloni, kioo kizito, ishikwe na gundi! Nettie alimwambia haitashika. Kendra akamwambia wengine wanajua wanachofanya.

Asubuhi moja, wote watatu wakiwa mezani, kishindo kikasikika. Walipoingia chumbani, picha ilikuwa sakafuni, kioo kimepasuka kuanzia paji la Mama wa Mungu hadi miguu ya Mtoto.

"Umefurahi sasa?" Nettie alimgeukia mkwewe. "Sema umefurahi!"

"Mimi ndiye niliyekwambia ulete jumba la makumbusho chumbani kwangu?"

"Kwako? Darrel, umesikia? Niletee nyundo. Nyundo, nimesema!"

Darrel alikuwa ameshapiga magoti, anaokota vipande, uso chini. "Mama, tulia. Nitanunua kulabu kubwa zaidi. Zile hazina shida, ukizivuta zinatoka bila kuacha alama. Hatutahitaji kupaka rangi upya baadaye."

"Baada ya nini?"

Darrel akavirudia vipande vya kioo. Kendra alimtazama mumewe, na rangi ikamtoka usoni.

"Hujamwambia," alisema. "Darrel! Uliniapia umemwambia kabla hajauza nyumba!"

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri..."

"Anahamia kwenye makao ya kutunzia wazee Aprili. Mimi niliambiwa anakaa msimu wa baridi tu, na mwenyewe amekubali. Wiki zote hizi namwona anataka kutoboa kuta, nasema mama huyu ananichokoza makusudi!"

Nettie aliketi kitandani, juu ya mito. Hasira aliyokuwa akimlimbikizia mwanamke huyu ilikosa pa kutua, ikazunguka chumba kizima, ikamwangukia yule aliyepiga magoti. Aliumia, akaumia kweli, kwa namna ambayo hata siku ya kumzika mumewe hakuumia.

Kendra akatoka. Aliporudi alikuwa na nyundo na kopo la misumari. Hakutabasamu, wala hakumwomba mtu radhi. Alikishusha kioo cha ukuta wa mashariki, akakiegemeza mlangoni, akaitupa nyundo kitandani.

"Piga. Atapaka rangi yeye."

Nettie alichagua msumari mrefu kuliko yote. Pigo la kwanza lilitoa vumbi la plasta, la pili likachora ufa.

"Mama, taratibu, ukuta..." Darrel alisema.

"Aprili utakuja kuung'oa msumari huu mwenyewe," Nettie alimjibu bila kugeuka, "nami nitakaa hapa nikutazame."

Akapiga tena, kisha akanyoosha kiganja nyuma yake, na Kendra akampa msumari wa pili.