Barafu Inayolia

Kabla hakujapambazuka, Nevena alisikia maji yakimwagika mlangoni, kisha mlio wa birika la shaba likiwekwa chini. Shangazi Zorka alikuwa akimtakia heri. Mjini Varna, ukingoni mwa Bahari Nyeusi, ndivyo mtu anavyosindikizwa siku ya jambo kubwa: humwagiwa maji njiani, mambo yake yatiririke vivyo hivyo.

"Ule kwanza," Zorka alisema.

"Nitachelewa, shangazi."

"Mtungi wenu wa maabara umekaa baridini tangu vuli. Kipande cha mkate ndicho kitakachouua?"

Nevena alikula amesimama. Katika chumba cha pili baba yake, mzee Stamen, alikuwa akikohoa. Yeye ndiye aliyeubuni mtungi ule wa chuma, zamani, kule maabara: ndani yake tope la Bahari Nyeusi, maji ya chumvi, baridi na shinikizo kama la kilindini, hadi gesi na maji vishikane viwe barafu, kama vinavyofanya huko chini gizani. Barafu hiyo huwaka moto. Lakini enzi zake hawakuwa na kitu cha kuigandisha vya kutosha kabla ya kuufungua mtungi. Kila walipofungua, walikuta tope na mapovu. Barafu yenyewe aliijua kwa kuitazama kupitia kidirisha kinene cha mtungi tu.

Sasa maabara ilikuwa inafungwa. Kesho mtungi ungekatwa uwe chuma chakavu, na kesho hiyo hiyo Nevena angesafiri kwenda kufanya kazi Norwei. Daktari alikwisha kumwambia kuwa mzee hatafika majira ya kuchipua. Na Nevena alikuwa amemwahidi baba yake mwali mmoja wa moto kutoka kwenye barafu hiyo.

Huko maabara alifanya kama alivyofundishwa na baba yake: baridi kwanza, halafu shinikizo lishushwe polepole mno. Kosta, mlinzi, alimwona akitoka na chupa ya chuma yenye vipande vya barafu, inayofuka moshi mweupe. Alivua glavu zake nene akampa.

"Msalimie mzee," alisema. "Mwambie bado ananidai mchezo wa drafti."

Nyumbani, maji ya alfajiri yalikuwa yameganda kwenye ngazi, laini kama kioo. Nevena aliteleza. Chupa ilimtoka mkononi, kifuniko kikaruka, na vipande vyote vikazama thelujini.

Zorka alitoka mbio na ndara zake. Aliitazama ngazi, akalitazama birika.

"Ni mimi."

"Ni baridi, shangazi."

"Ni mimi! Mtu mzima na akili zangu, namwaga maji Januari!"

Walipiga magoti wakitafuta, nyeupe ndani ya nyeupe. Zorka alikuwa akilia. Nevena akamshika mkono. "Nyamaza kidogo. Sikiliza."

Kitu kilikuwa kikitatarika chini ya theluji, kidogo sana, kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na tone la maji. Zorka alikichota kwa kijiko cha supu: kipande kimoja, si kikubwa kuliko punje ya haragwe.

Nevena aliwasha njiti ya kwanza ya kiberiti kando ya kitanda cha baba yake. Ikazimika. Ya pili ikaunguza vidole vyake tu. Gesi iliyobaki ilikuwa kidogo mno.

"Nisamehe, baba."

"Acha hizo njiti," Stamen alisema. "Mbona kinapiga kelele?"

"Ni gesi inatoka."

"Kilete hapa."

Alikiweka kijiko sikioni. Tit, tit, tit. Akafumba macho.

"Chuma cha mtungi kilikuwa kinene mno," alisema. "Nimeiangalia barafu hii maisha yangu yote, sijawahi kuisikia."

Walisikiliza wote watatu, mpaka kijikoni kukabaki maji na chembe ya tope. Stamen hakukirudisha kijiko.

Alfajiri iliyofuata Nevena alishuka na sanduku lake. Birika lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa kwa kitambaa. Zorka alikuwa amechutama ngazini, akitandaza majivu ya jiko kwa mikono mitupu, kidaraja kwa kidaraja.

"Kanyaga hapa," alisema bila kuinua uso. "Hapa pia."

Dirisha la juu likafunguka, licha ya baridi yote ile.

"Nevena!" Kikohozi kikamkatiza baba yake, akakingoja kipite. "Uje tena, mwanangu. Hata mikono mitupu, uje."