Nyumba ya Mistari Minne

Usiku wa kuamkia leo niliota nahamia kwenye daftari la mjukuu wangu Semeni, ukurasa wa kumi na mbili, mimi na godoro langu.

Semeni yuko darasa la sita. Mwalimu wao amewaambia watunge hadithi ya nyumbani kwao, yote kwa mashairi, mwanzo mpaka mwisho, na Ijumaa waisome mbele ya wazazi. Ameshafika beti tisa. Mama yake, Sikudhani mwanangu, yumo na sindano yake ya kushonea magunia kiwandani. Kachanga Tabu kamo, kanalia. Mimi nimo, nakaanga vitumbua. Baba yake, Mwinshehe, hayumo. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia baba huondoka yeye hajaamka na hurudi yeye ameshalala. Atamwandikaje mtu ambaye hajui hata akicheka anafananaje? Nikaenda kulala na neno hilo kifuani.

Basi tunafika kwenye ukurasa. Ni mchana, jua kali, karatasi inaunguza nyayo. Mwenye nyumba ni Bwana Rula, wa mbao, amemeguka kidogo kwenye sentimita ya ishirini na sita. Anasema nyumba ya ubeti ina vyumba vinne, kila mstari mtu mmoja, na sisi tuko watano. Mmoja hana pa kulala.

Sikudhani akasema yeye na Tabu watalala pamoja, mtoto bado ananyonya. Rula akajibu kwamba hata mtoto wa mgongoni anahesabiwa. Nikamwambia anitoe mimi, nimeshazeeka, naweza kulala pale pembeni kwenye mstari mwekundu.

"Wewe hutoki, bibi," akasema. "Wewe ndiye kibwagizo. Kila ubeti unaishia na wewe unarudia jambo lile lile."

Nikamgeukia Sikudhani anitetee. Sikudhani alikuwa anaitikia kwa kichwa, tena haraka mno.

Rula akaamuru tukaguliwe vina. Kumbe vina ni miguu: wanaokaa nyumba moja sharti waishie sawasawa. Akatutazama chini. Mimi naishia kandambili. Sikudhani kandambili. Semeni kandambili. Tabu naye amevishwa kandambili, na kutembea hajui. Mwinshehe anaishia buti za mpira.

"Huyu ndiye anayeharibu," akasema Rula.

Mwinshehe hakujitetea, kwa sababu alikuwa amelala. Amelala wima, tenga la nyanya kichwani. Kazi yake ni kushusha nyanya kwenye lori sokoni, na hata akiwa macho mtu huona tenga kwanza.

Mara hatuko tena kwenye ukurasa, tuko sokoni, mbele ya mizani ya chuma ya kupimia viazi. Mstari mmoja unaruhusiwa uzito wa kumi na sita. Mizani akampima Mwinshehe, akapata themanini na nane, akakohoa. Nikamwambia aondoe tenga kwanza ndipo apime mtu. Akasema wameshajaribu, halitoki.

Vifutio viwili vikaja, vinene, vyeupe, vikaanza kumfuta kuanzia chini. Buti zikaenda. Magoti yakaenda. Hapo Mwinshehe akahisi mama mkwe yuko karibu, na macho yakiwa yamefumba akajaribu kupiga goti ambalo hana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Naona unapungua."

"Tunaendelea vizuri, mama. Samahani, nitachelewa kidogo."

Semeni amesimama na kalamu mkononi, haandiki. Akanivuta kanga. "Bibi, wananifutia baba, na mimi sijamwona bado."

Nikafanya lile ninalolijua. "Kitendawili," nikasema.

Bwana Rula amelelewa shuleni. Neno likamtoka lenyewe: "Tega."

"Nina mgeni. Kila siku analala kwangu, na sijapata kumkaribisha wala kumuaga."

Vifutio vikaacha kazi ili vifikiri, vimeshafika kwenye mkanda. Kimoja kikasema umande. Siyo. Cha pili kikasema mwezi. Siyo. Mizani akasema panya. Nikamwambia panya namjua vizuri, na kila siku namuaga kwa ufagio. Rula akafikiri mpaka akapinda, nikasikia mbao inalia. Akashindwa.

"Basi nipe mji," nikasema.

Aliyeshindwa kitendawili hana ujanja, mji lazima autoe. Akanipa Dodoma, nikakataa, mkubwa, nitauweka wapi. Akanipa Kilosa, huko nina wifi, hatusemezani. Akanipa Dumila. Nikaipokea. Wakaniletea kwenye sinia, bado ya moto, na njia panda yake, malori yake, na jogoo mmoja anayewika bila mpango. Nikaifunga kwenye pindo la kanga.

"Nimekwenda Dumila, nimerudi," nikasema. "Jibu ni huyo mnayemfuta."

Rula akasema jibu ni sahihi kabisa, amelifurahia, na vyumba bado ni vinne. Vifutio vikainama tena. Nikafungua mdomo nirudie jambo lile lile ninalosemaga siku zote, nikaamka sijalisema.

Jua linaingia dirishani. Saa moja kasoro. Mlangoni, kwenye kigoda, ameketi Mwinshehe, mzima kuanzia kichwani hadi kwenye buti, anakunywa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

Akasema hapana, lori la nyanya halijafika. Dereva, mzee Kibena, amepiga simu: amepita Dakawa, amepita Magole, anatazamia kuingia Dumila apakie nyanya, akajikuta yuko Gairo. Amegeuza, akajikuta Magole. Mara tatu. Barabara ni nzuri, anasema, ila Dumila hakuna. Tajiri wa lori anadai dereva amelewa.

"Na mzee Kibena hanywi hata soda," akasema Mwinshehe, akacheka.

Semeni alikuwa anatoka na begi mgongoni. Akarudi, akachuchumaa mbele ya baba yake, akamkazia macho kama mtu anayesoma ubao akiwa dawati la nyuma.

"Baba, kumbe una mwanya."

"Ninao tangu utotoni."

"Cheka tena."

Akacheka tena. Mtoto akatoa daftari, akaliweka juu ya goti la baba yake, akaanza kuandika, na kila mara ananyanyua macho, anamtazama, anainama.

Nikapapasa pindo la kanga. Fundo lipo, gumu, la moto, na ndani yake jogoo anawika. Sikudhani akauliza ni nini hicho ninachokikumbatia hivyo. Nikamwambia aniletee chai.

Nitalifungua. Watu wa Dumila nao wana shughuli zao. Lakini mtoto kwanza amalize ubeti, yuko mstari wa tano.