Utitiri kwenye Kiti cha Radek

Bi Jadwiga alikuwa bafuni, miwani imemshuka hadi nchani mwa pua, akimpitishia buibui brashi ndogo iliyopakwa mafuta ya mgando. Buibui mwenyewe, wa manyoya, mwenye magoti mekundu na ukubwa wa kiganja, alitulia ndani ya bakuli juu ya mashine ya kufulia. Kila brashi ilipopita kwenye viungo vya miguu ilitoka na utitiri, vidudu vyeupe vidogo kuliko chembe ya chumvi. Kwenye beseni la kuogea, samaki wa Krismasi aliyenunuliwa akiwa hai alizunguka polepole, kama walivyozunguka samaki wa majirani katika mabafu yote ya jengo lile.

"Vumilia, Balbina," Jadwiga alisema. "Ukinifia wewe, nitamwambia nini?"

Balbina alikuwa wa Radek, mwanawe wa pekee. Radek alifunga ndoa ya bomani na mwanamke aliyeachika, na baba yake, Leszek, akamwambia asikanyage tena pale mpaka aje na maneno ya kuomba radhi. Radek hakuona la kuombea radhi. Aliondoka na begi moja, buibui akabaki, kwa kuwa mwenye nyumba alikopanga hakutaka wanyama. Sasa alikuwa amepata pengine, na alikuwa amempigia mama yake simu kwamba angepita kumchukua Balbina mkesha wa Krismasi.

Jadwiga aliishikilia ahadi ile kwa mikono miwili. Radek akiingia atavua koti, akivua koti ataketi, na akishaketi Leszek atafanya nini? Jioni ile kila nyumba ya Grudziądz, mji wao wa Poland, huacha sahani moja ya ziada na kiti kitupu kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, na anayegonga hafukuzwi, hata awe mlevi wa kituo cha tramu. Ila ili Radek aje, buibui alipaswa kuwa hai.

Utitiri huo aliuleta Jadwiga mwenyewe, kwa upendo. Mkesha wa Krismasi watu humegeana kaki nyembamba ya kanisani na kutakiana heri. Nyeupe ni ya watu, ya waridi ni ya wanyama. Mwaka uliopita, wa kwanza bila Radek, alimmegea Balbina. Buibui hali kaki, na Jadwiga alilijua hilo. Lakini kila Jumapili uchungu ulipomshika alimdondoshea nyingine kidogo, na kumnyunyizia maji asije akasikia kiu. Makombo yakaota ukungu, ukungu ukaleta wageni.

Alikwenda sokoni kwa Bwana Tytus, muuza nyenje.

"Bi Jadwiga, yule ni buibui, si shangazi yako wa kijijini," Tytus alisema. "Anakula nyenje mmoja kwa wiki na hana shukrani. Mwaga udongo wote. Mweke kwenye chombo kikavu, chini karatasi za jikoni, ukingoni paka mafuta vidudu visipande. Utitiri ukikosa unyevu hauna maisha."

"Na ule unaokaa kwenye kiti?"

"Kiti gani tena?"

"Cha Radek, karibu na dirisha. Unaoniponyoka unakwenda kukaa pale. Unajijenga kama mtu: ulianza kwenye nyayo, sasa umefika magotini."

Tytus alikuna kidevu. "Mimi ni mtu wa vizimba, mama. Mambo ya viti siyajui." Akamfungia nyenje na kumwongezea mmoja wa bure.

Jadwiga alifuata kila alichoambiwa. Udongo wa zamani aliumwaga jalalani, tangi la kioo akalisugua kwa maji ya moto, Balbina akalala kwenye karatasi kavu. Kila siku utitiri ulipungua bafuni na kuongezeka sebuleni. Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi ulikuwa umefika shingoni, mweupe, umetulia, mikono juu ya mapaja. Leszek, dereva mstaafu wa tramu, alikunja miguu ili Jadwiga apite.

"Jadwiga. Bega la kushoto limeshuka."

"Ndivyo anavyokaa."

"Najua anavyokaa," Leszek alisema, akarudi kwenye gazeti lake.

Mkesha ulipofika, Jadwiga alitandaza nyasi kavu chini ya kitambaa cheupe, akapanga supu ya bitiruti, samaki wa chumvi, kabichi, na yule samaki wa bafuni, sasa vipande vya kukaanga. Nyota ya kwanza ilipotokea juu ya mabomba ya kiwandani aliweka sahani ya mgeni. Alipogeuka, utitiri ulikuwa umehama dirishani na kuketi mbele ya sahani hiyo, na kichwa ulikuwa nacho.

Jadwiga alimtazama mumewe. Leszek akachukua kaki, akazunguka meza na kulinyooshea lile umbo. Vidole vyeupe vikamega kipande.

"Nakutakia afya," Leszek alisema. "Nakutakia kazi nzuri na nyumba yenye joto. Na yaliyopita... basi, yaliyopita yamepita, mwanangu."

Machozi yalimtoka Jadwiga. Maneno hayo aliyasubiri mwaka mzima na zaidi, na hayakuwa na kasoro hata moja isipokuwa yule aliyeambiwa. Wakaanza kula. Utitiri ulikunywa supu bila kuimwaga.

Ndipo kengele ya mlango ikalia.

Jadwiga alikimbia kufungua. Alikuwa Radek, theluji mabegani, mkononi ameshika kisanduku cha kubebea buibui.

"Leszek!" Jadwiga aliita kwa furaha. "Ni Radek!"

Leszek hakugeuka. Alikuwa akitoa miba kwenye kipande cha samaki. "Nafasi imekaliwa," alisema. "Sahani ya mgeni ni moja. Funga mlango, baridi inamwingia mtoto."

Jadwiga alisimama kizingitini. Kisha akachukua sahani yake mezani, akarudisha mlango bila kuufunga, akaenda kuketi na mwanawe kwenye ngazi. Walikula kwa uma mmoja.

"Nani yupo kwenye kiti?" Radek aliuliza.

"Utitiri."

"Wa Balbina?"

"Wa Balbina."

Radek alichungulia kwenye upenyo. "Umemlisha kaki, siyo?"

"Kidogo tu."

"Mama, jamani!" Alicheka hadi akashika ukuta, na Jadwiga naye akacheka, ingawa hakutaka. Kicheko kilipokwisha Radek alikuwa anafuta macho kwa mkono wa koti. "Mbona bega langu kalipatia sawasawa?"

"Ndivyo unavyokaa."

Kutoka ndani walisikia sauti ya Leszek, laini, ambayo Radek hakuwahi kuisikia tangu alipokuwa wa kubebwa: "Kula, mwanangu. Kipande hiki cha tumboni hakina miba, nimekuwekea wewe."

Radek aliinuka. "Niletee Balbina basi, niende."

"Hajapona," Jadwiga alisema haraka.

"Si ulisema kwenye simu amepona?"

"Bado ana viwili vitatu kwenye miguu. Akitoka kwenye baridi hii atakufa."

Radek alimtazama mama yake, na mama yake akatazama sahani. Radek akakiacha kisanduku kwenye ngazi. "Nitapita Pasaka," alisema, akambusu mkono na kushuka.

Sikukuu zilipopita, utitiri uliendelea kuketi, na Leszek akawa anausomea habari za michezo. Balbina alikuwa amepona kabisa, manyoya yanang'aa. Jadwiga alimrudisha kwenye tangi lake lenye udongo mpya. Aliwasha taa na kumkagua kila kiungo, asione kidudu hata kimoja; Pasaka Radek angemchukua asirudi tena. Basi akatoa mfukoni kipande cha kaki ya waridi kilichobaki, akakisaga kati ya vidole, akakinyunyiza pembeni na kumwagia maji kidogo. Akafunika tangi, akanawa mikono, akaenda kuosha sahani ya utitiri.